Mambo ya Nje Yamefika Magadi

Mwandishi aliyedai kwamba mbunge wa Kajiado Magharibi apimwe kwa visima na basari pekee, kwa kuwa sera ya nje ni kazi ya Ikulu, amekosea, na kosa hilo linatugharimu mifugo.

Oktoba 2017 serikali ya Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa Wamaasai wa Kenya waliovuka mpaka wakifuata malisho. Kuna familia zilizobaki na fimbo tu. Hayo si mambo ya nje? Mpaka huo uko hapo tu nyuma ya Shompole.

Na Ziwa Magadi lenyewe? Magadi yake yanavunwa na Tata ya India, iliyoinunua Brunner Mond ya Uingereza, iliyokuwa ikiyavuna kabla yake, mwishoni mwa 2005. Kifungu cha 71 cha Katiba ya 2010 kinataka mikataba mipya ya kutoa haki ya kuchimba rasilimali asilia iidhinishwe na Bunge. Bunge, si Ikulu.

Novemba 2023 wabunge waliidhinisha polisi 1,000 wapelekwe Haiti. Vijana wetu nao wamo katika kikosi cha polisi. Lakini mbunge wetu alisema nini? Hoja nyingi bungeni huamuliwa kwa sauti za "ndiyo" na "la". Majina huingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, pale tu kura zinapohesabiwa moja moja. Ndiyo maana rekodi ya mbunge ni ngumu kuisoma, na ndiyo maana tuidai. Aje barazani Oloika atueleze alisimama wapi na kwa nini.