TUUZE MAFUTA, TUSIUZE JINA

Ndugu wanachama,

Jumamosi ijayo tunakutana kuamua kama tuliuze duka letu la mtandaoni, lile la mafuta ya nazi na sabuni za kina mama wa makamo. Mnunuzi kaja na bei nono, na wenzetu wengine wameshaanza kuzigawa hela kabla hazijafika. Basi na mimi niseme langu.

Kwanza, hivi tunauza nini hasa? Minazi haitaki, masufuria hayataki, mashine ya kukuna nazi anatuachia. Anachotaka ni jina na daftari la simu za wateja. Wateja hao wengi ni kina mama waliokwisha koma hedhi. Ngozi ya umri huo hupungukiwa mafuta yake ya asili, hukauka na kuwasha, ndiyo maana wanatuagiza. Wakipiga simu wanatueleza mambo wasiyomwambia hata jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi ile aliyozitolea. Namba ya mama wa watu si gunia la nazi, jamani!

Pili, kesho ataweka nini ndani ya chupa? Krimu za kujichubua zenye zebaki huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazikataza, lakini bado zinauzwa. Siku jina letu likibandikwa kwenye mkorogo, mama aliyeungua uso atatulaani sisi.

Wapo wanaosema tuweke masharti kwenye mkataba. Sawa, lakini mnunuzi naye huuza. Tazameni The Body Shop, aliyoianzisha Anita Roddick huko Brighton, Uingereza, mwaka 1976. Mwaka 2006 iliuzwa kwa L'Oréal ya Ufaransa, mwaka 2017 kwa Natura ya Brazil, mwaka 2023 Natura ikakubali kuiuza kwa Aurelius. Februari 2024 kampuni yake ya Uingereza ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na maduka mengi yakafungwa. Aliyeuza mara ya kwanza hana sauti katika mauzo ya tatu.

Simfukuzi mnunuzi. Paa la ghala linavuja na fedha tunazihitaji. Tumuuzie mafuta kwa pipa, kwa bei itakayopangwa na mkutano, naye abandike jina lake mwenyewe. Jina letu na daftari vibaki hapa. Na kama wengi watataka kuuza, basi kila mteja aulizwe kwanza kama anakubali namba yake iende kwa mwingine.

Pesa ya mauzo tutaila msimu mmoja. Jina jema hung'aa gizani.

Njooni wote Jumamosi. Asiyekuja asilalamike.

Ushirika ni nguvu!

Mwanachama mwenzenu