Fundi wa Kompyuta Ajulikane Kabla Haijaharibika

Mwenye duka hapa Dar es Salaam hamruhusu mpita njia kuishika mashine yake ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Tangu mashine hizo zilipoingia nchini mwaka 2010, anajua kwamba ikigoma yuko msambazaji aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Mapato, TRA, naye ndiye wa kuitwa. Lakini kompyuta iliyo hatua mbili kutoka hapo, iliyobeba majina ya wadaiwa wote, orodha ya mali na mishahara ya vijana wake, humpa yeyote anayesema anajua. Leo mtoto wa shemeji, kesho kijana wa kibanda cha simu. Ndugu zangu wafanyabiashara, jambo hili halifai, nami nalisema kwa uchungu.

Nilikuwapo dukani kwa mzee mmoja auzaye vifaa vya ujenzi, siku kompyuta yake ilipokataa kuwaka. Aliitwa mpwa wake, kijana mwenye adabu na nia njema. Akaifomati. Jioni ikawaka vizuri kabisa, na ndani hamkuwa na jina hata moja la mdaiwa. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akavuta karatasi akaanza kuandika wale aliowakumbuka. Kijana simlaumu. Hakuna aliyemwambia mle ndani mna nini, wala bakapu iko wapi, wala wajibu wake unaanzia na kuishia wapi.

Nani basi aitwe? Aliyekuuzia mashine ana nafasi yake, na waranti usiitupe. Ila waranti hulinda chuma: atakubadilishia diski iliyokufa, hesabu zilizokuwamo hazirudi. Kampuni ya mbali inayohudumia kwa simu na intaneti hutengeneza programu, lakini umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu ukaunguza pawa saplai, lazima mtu aje na bisibisi. Kumwajiri fundi wako mwenyewe, kwa duka lenye kompyuta tatu, ni mzigo.

Mimi nasema achaguliwe fundi wa karibu, mwenye mahali panapojulikana, afungwe kwa mkataba wa maandishi, alipwe kila mwezi hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika. Najua hapa wengi watanung'unika: nimlipe mtu kwa kukaa? Tafadhali fikirini. Fundi anayelipwa kwa kila tatizo anakula kutokana na matatizo yenu. Anayelipwa kwa mwezi, kila tatizo linamla yeye muda na nauli, kwa hiyo atakuja mwenyewe kupuliza vumbi, kupima betri ya UPS na kuangalia kama bakapu ya jana imeingia. Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wangapi kati yenu mliambiwa na mtu? Kulijua hilo mapema ni kazi ya fundi wa mkataba.

Hata hivyo, kumpa fundi kazi si kumpa duka. Nywila kuu iwe mikononi mwa mwenye mali, na nakala ya hesabu ikae nje ya mashine na nje ya jengo. Kampuni ya meli ya Maersk ilikuwa na mafundi wake wengi, lakini virusi vya NotPetya vya Juni 2017 vilifuta seva zilizotunza orodha ya watumiaji wa mtandao wake dunia nzima. Ilisalimika moja tu, ofisini Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika huko, na kwa nakala hiyo wakaanza kuinuka. Msingoje kuokolewa na mgawo wa umeme.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Diski ikibebwa kwenda karakana usiyoijua, simu na majina ya wateja wako yamekwenda nayo. Mkataba useme fundi atazishikaje, na zisitoke bila idhini yako.

Ukishampata, usimpime kwa maneno yake. Jumamosi, duka likifungwa, mketishe na umwambie arudishe faili moja la mwezi uliopita kutoka kwenye bakapu, wewe ukitazama. Akishindwa, Jumatatu anza kutafuta mwingine.