Paa Lililofichwa Nyuma ya Ukuta

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa ukuta huonwa na kila apitaye. Tundu la paa halionwi na mtu mpaka mvua inyeshe, na hapo ndipo tunapoanza kutafuta ndoo.

Nayasema haya kwa sababu ya tukio nililolishuhudia katika kituo kimoja cha maduka huku kwetu Umoja, mvua za masika zilipoanza. Jengo lenyewe ni la aina ijulikanayo na kila mkazi wa mitaa ya Eastlands: chini kuna duka la dawa, kinyozi na muuza vifaa vya ujenzi, juu, vyumba vinne vilivyokodishwa na shule ya binafsi. Upepo uliotangulia mvua uling'oa bati moja la pembeni, likaanguka chini pamoja na misumari yake. Mama auzaye sukuma wiki mahali hapo alikuwa ameshakimbilia barazani. Bati lilitua juu ya meza yake. Watu walimshukuru Mungu, wakaulaumu upepo, na kesho yake fundi akaletwa, akalipigilia bati lile lile mahali pale pale.

Mimi siulaumu upepo. Niliokota mmoja wa misumari ile. Shina lake lilikuwa limeliwa na kutu hata likawa jembamba kama njiti ya kiberiti, na kipande cha mpira kikaacho chini ya kichwa chake ili kuzuia maji kilikuwa kimekauka na kupasuka. Hali hiyo haiji kwa usiku mmoja. Ilichukua miaka, na katika miaka hiyo hapana mtu aliyepanda kutazama.

Sababu moja ni namna tunavyojenga. Shika Barabara ya Jogoo, kisha uzunguke Kayole na Dandora, utaona majengo mengi ya biashara ambayo ukuta wake wa mbele umeinuliwa kulipita paa, ili jina la duka lipate mahali pa kuandikwa. Ukuta huo hupakwa rangi mara kwa mara. Nyuma yake umejificha mfereji uliojaa majani, vumbi na chupa za plastiki. Maji hutuama humo, na bati lilalalo majini halidumu.

Walimu wa sayansi wanajua kwa nini. Mwingereza Henry Palmer alipewa hataza ya bati la mikunjo mwaka 1829, akiwa mhandisi wa bandari ya London ambako maghala yalihitaji paa jepesi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukichovya chuma katika zinki. Kinga yenyewe ni ya ajabu kidogo: zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huendelea kukilinda chuma. Basi mkaguzi akiona unga mweupe juu ya bati, ajue kwamba zinki inaliwa na wakati wa kutengeneza ungalipo. Akiona wekundu, zinki imekwisha mahali hapo na chuma chenyewe kimeanza kuliwa.

Tena kuna joto. Bati la mita 6 likitoka kwenye baridi ya alfajiri, nyuzi 15, likafika nyuzi 60 adhuhuri, hurefuka kwa takriban milimita 3, kisha jioni likajikunja tena. Ni kidogo, lakini msumari husukumwa huku na huku kila siku, mwaka hata mwaka, hadi tundu lake linapanuka na mbao inauachilia. Upepo ukija huwa unamalizia tu. Hewa ipitayo kwa kasi juu ya paa hulivuta bati kuelekea juu, na nguvu hiyo huwa kubwa zaidi pembeni na kwenye kona.

Fundi mmoja wa Kamukunji aliniongezea mambo ambayo sikuyasoma kitabuni. (Mafundi hao ndio walioitwa jua kali kwa kukosa paa, mpaka Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda, nani basi ajuaye thamani ya bati kuliko wao?) Aliniambia kwamba maadui wengi wa paa hupandishwa huko na sisi wenyewe. Mtu hukata chuma juu ya paa, akaacha chembe zake zishike kutu na kuiambukiza rangi ya bati. Mwenye jengo huongeza ukuta, saruji mbichi ikamwagika na kuila zinki. Anayefunga dishi la televisheni hutembea ovyo, badala ya kufuata mstari wa misumari ambako kuna mbao chini, akayabonyeza mabati hata yakaachana kwenye maungio. Kisha pakivuja hupakwa lami, na maji hujificha chini ya lami hiyo.

Serikali iliunda Idara ya Kitaifa ya Ukaguzi wa Majengo mwaka 2015, na tangu jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50, tumejifunza kuuliza habari za nguzo. Habari za paa bado hatuulizi. Nawasihi walimu wakuu ambao shule zao zimepanga katika majengo ya biashara wamdai mwenye jengo karatasi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli: fundi yupi alipanda, siku gani, aliona nini, alitengeneza nini. Stakabadhi ya kodi tunaidai. Hii ina ugumu gani? Na kamwe wasimtume mwanafunzi juu. Nimewahi kumwona mvulana wa shule ya msingi akitembea juu ya bati bovu akiufuata mpira, na hadi leo moyo hunipiga nikikumbuka.

Watoto wanaweza kukagua wakiwa chini. Shule ile ya Umoja iliniruhusu kuingia darasa moja lisilo na dari, adhuhuri ya jua kali. Tulizima taa, tukafunga madirisha kwa makaratasi, tukatazama juu. Mwanzoni kulikuwa na kicheko, kisha kimya. Vitone vya mwanga vilijitokeza kimoja kimoja, vingine vikiwa vimepangana kwa mstari pale misumari ilipolegea. Msichana mmoja alichora ramani ya madawati na kutia alama chini ya kila kitone. Tulihesabu 23. Ramani hiyo alipelekewa mwenye jengo pamoja na barua ya mwalimu mkuu. Kufikia siku ninapoandika makala hii, hajajibu.