Mambo ya Mtaa: Kichochoro cha Kianda ni cha Nani?

Hakuna ugomvi uanzao upesi mtaani kama ugomvi wa mahali pa kuegesha gari. Mwenye gari husema, "Nalipa kodi ya nyumba kila mwezi, basi nikaliweke wapi?" Mama auzaye mboga husema, "Gari limeiziba meza yangu." Kijana wa boda boda husema ya kwamba anakaa dakika tano tu, na wote wajua ya kwamba dakika zake tano ni tangu alfajiri hata jioni. Kisha mtu mmoja, pasipo kuuliza wenziwe, husimika nguzo ya chuma mlangoni mwa kichochoro, na kesho yake malalamiko huwa mawili badala ya moja.

Kianda ni kimoja katika vijiji vya Kibera, upande wa magharibi, karibu na Olympic. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulioanza mwaka 2008 ulihesabu humo watu zaidi ya 15,000. Walio wengi hawana motokaa, wala nyumba zao hazina ua. Kichochoro ndicho ua wao. Humo hupita mitungi ya maji, mkokoteni wa makaa, mtoto aendaye shule, na jeneza la mtu anayerudishwa kwao kuzikwa. Kwa sababu hiyo ni kosa kudhani ya kwamba habari ya maegesho ni ya wenye magari peke yao. Mtu asiye na gari ndiye mwenye kuitumia njia zaidi, na mara nyingi ndiye asiyeulizwa neno.

Mkulima hatapata shida kulielewa jambo hili. Huko shambani, hata ardhi ikiwa haba namna gani, njia ya ng'ombe kwenda mtoni hailimwi. Mtu akipanda mahindi juu yake, si jirani mmoja atakayekuja kumshitaki, bali kijiji kizima. Kichochoro cha mjini ni njia ya mtoni vile vile, ila mjini watu ni wengi, hawajuani, na kila mmoja hudhani ya kwamba mwingine ndiye atakayesema.

Lakini yafaa ifahamike pia kwa nini watu wa Kibera huipokea amri ya barabara kwa mashaka. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba, shule na vibanda ili kuipisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu walilala nje. Tangu siku hiyo, mtu wa Kibera amwonapo karani mwenye kamba ya kupimia hafikiri habari za usafi wala za magari. Hufikiri habari za tingatinga. Basi ofisa atakaye kutunga amri ya maegesho hana budi kwanza kueleza waziwazi kusudi la kupima kwake, la sivyo kila kipimo atakachochukua kitageuka kuwa uvumi.

Kusudi lenyewe si gumu kueleza. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5. Nyumba za mabati na mbao zikishika moto usiku, dakika chache tu hutosha kuuvusha kutoka chumba kimoja hata safu nzima. Vichochoro vingi vya Kianda haviwezi kupitisha gari hilo hata vikiwa vitupu. Na kwa ajili hiyo zile njia chache zinazoweza zina thamani kubwa mno. Gari moja lililoegeshwa vibaya kwenye mdomo wa njia ya namna hiyo halimzuii jirani mmoja. Lawazuia maji watu wote walio nyuma yake. Hali kadhalika mama mwenye uchungu wa kuzaa, abebwaye saa nane za usiku kwenda kutafuta gari, hawezi kungojea mpaka mwenye pikapu aamshwe na kutafuta ufunguo.

Pamoja na hayo, amri ya kukataza tupu haimalizi neno. Mwenye gari akiambiwa "usiweke hapa" pasipo kuonyeshwa pa kuliweka, atalipeleka kichochoro cha pili, na ugomvi utahama pamoja naye. Mkulima aletaye sukuma wiki na viazi kwa pikapu lazima ashushe mzigo wake mahali fulani. Pengine dawa ni zamu. Mashine ya kwanza ya kulipia maegesho iliwekwa katika mji wa Oklahoma City, Marekani, mwezi wa Julai 1935, kwa kuwa magari yalikuwa yakikaa mbele ya maduka kutwa nzima, na wanunuzi wakakosa pa kusimama. Asili ya mashine ile ilikuwa kumfanya mtu mmoja aondoke ili mwenziwe apate nafasi. Kianda haihitaji mashine ili kupatana ya kwamba mizigo ishushwe kabla ya saa mbili asubuhi, au ya kwamba boda boda zisizidi idadi fulani kwenye kona moja.

Mapatano ya watu wengi namna hii yamekwisha kujaribiwa jijini Nairobi. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum. Wakazi waligawanywa katika makundi madogo ya nyumba kumi kumi, kila kundi likachagua mjumbe, na wajumbe wakajadiliana juu ya maji, mitaro na barabara. Katika habari ya barabara waliona ya kwamba upana wa kawaida wa serikali ungezibomoa nyumba nyingi mno, kwa hiyo njia zilipangwa kuwa nyembamba zaidi, ili wahamishwao wawe wachache. Mambo yote hayakwenda sawa, lakini jambo moja lilidhihirika: mtu aliyesikilizwa hukubali kutoa nafasi ambayo asingeitoa kwa kuamriwa.

Kwa watu wa Kianda, hatua za kufuata ni hizi. Kwanza, majirani wa kichochoro kimoja wakutane, wenye magari na wasio nayo, wenye nyumba na wapangaji, na wachuuzi pia, nao wapime njia yao kwa kamba. Pili, wakubaliane ni njia zipi zisizozibwa hata kidogo, na ni mahali gani magari yatakaa. Tatu, yule aliye karani miongoni mwao ayaandike mapatano hayo, kila mmoja atie sahihi. Neno lisiloandikwa kila askari hulifasiri apendavyo, na hapo ndipo rushwa huzaliwa: leo gurudumu lafungwa, kesho lafunguliwa kwa noti isiyo na risiti.

Nne, maandishi hayo yapelekwe panapohusika. Wengi hupeleka malalamiko kwa chifu, na baraza la chifu ni mahali pema pa kuwapatanisha majirani. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya trafiki na maegesho, pamoja na barabara za kaunti, taa za njiani na kuzima moto. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi mbele ya Bunge la Kaunti. Basi mjumbe wa wadi ya Sarang'ombe ndiye wa kupewa nakala ya kwanza. Ombi lenye vipimo, lenye majina ya njia na sahihi za watu sitini ni gumu kulitupa kapuni kuliko kelele za watu mia sita.

Na mpaka siku jibu litakapokuja, hakuna sheria imzuiayo mwenye gari kulisogeza gari lake usiku huu kabla ya kulala, wala imzuiayo aliyesimika nguzo kuing'oa na kwenda kuzungumza na jirani yake.