MWIZI ANA MTEJA



Ndugu zangu katika imani, leo nitasema maneno ambayo wengine hawatayapenda. Nisomeni mpaka mwisho, kisha atakayetaka kunitukana anitukane.

Hapa kwetu Zegereni, barazani siku hizi habari ni wizi tu. Viwanda vimekuja, vyumba vya kupanga vimejaa, mtu hamjui wa mlango wa pili. Mara mtungi wa gesi umeondoka, mara pikipiki imelala nje na asubuhi haipo, mara binti katoka zamu ya usiku kaporwa simu njiani. Na kila baraza linafunga kwa kauli moja: "Tukimkamata mmoja tumchome, wengine watatia akili."

Nauliza swali dogo. Hivi mwizi anakula mitungi ya gesi? Anakula simu? Anakula nyaya za shaba? Mwizi anataka pesa. Na pesa hiyo anaitoa kwa nani, kama si kwangu na kwako?

Nitawapa kisa chetu wenyewe. Msikiti wetu uliibiwa pampu ya kisima. Tulikuwa tumeichangia kwa miezi, wengine walitoa mia tano, wengine elfu mbili. Siku tatu watu wanatawadha kwa maji ya madumu. Siku ya nne vijana wakamkamata mtoto mmoja wa mtaa wa pili, umri wake hata ishirini hajafika. Nilipofika ameshavimba uso, tairi limeshaletwa, petroli inatafutwa.

Nilijitupa katikati. Nikapigwa kibao na mtu ambaye mpaka leo hajasema ni yeye, na nimemsamehe. Tukamshika yule kijana mpaka mwenyekiti wa mtaa akafika, na polisi wakafika. Na kwa sababu alikuwa hai, akasema. Aliiba kweli. Pampu aliuza shilingi elfu arobaini. Aliyeinunua alikuwa akimwagilia mchicha kwa pampu ya msikiti, na adhana ikilia anafunga maji, anakuja kuswali na sisi. Safu ya kwanza.

Simtaji. Alirudisha, akatubia, na Allah ndiye mpokea toba. Lakini nataka muelewe jambo hili: lau tungemchoma kijana yule, pampu ingekuwa inamwagilia mchicha mpaka leo, na sisi tungerudi nyumbani tukisema tumekomesha wizi. UKIMCHOMA MWIZI, UMEMCHOMA SHAHIDI. Na wa kwanza kufurahi ni yule aliyenunua.

Mnakijua kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum, kilichomo ndani ya Bukhari na Muslim. Alikuwa wa ukoo mkubwa, akaiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd amwombee kwa Mtume (s.a.w.). Mtume alikasirika. Akasimama, akawaeleza watu kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu mwenye hadhi akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu.

Sasa tujitazame. Teja aliyechukua simu tunamletea tairi. Fundi anayeifungua simu ile na kuifuta, mwenye mizani ya vyuma chakavu anayepokea mfuniko wa chemba bila kuuliza, na baba mwenye familia anayenunua televisheni usiku kwa bei ya kutupwa, hao tunawaita wajanja. Tunasema kapata dili. Wallahi, hii ndiyo hali tuliyoonywa.

Wapo watakaosema, "Mimi sikuiba, nimenunua kwa pesa yangu." Ndugu yangu, mali ya wizi haihami kwa sababu umelipa. Inabaki kuwa ya mwenyewe, na ukiijua unatakiwa uirudishe. Surat al-Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Na sheria ya nchi nayo haikukuacha: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inasema kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai. Simu ya laki tano unauziwa elfu sitini, haina boksi wala risiti, muuzaji anaangalia nyuma kila dakika. Sababu ya kuamini unataka nyingine ipi?

Watasema pia, "Sheikh anatetea wezi. Polisi wanawaachia, kesho yuko mtaani." Sitetei mwizi. Nimeibiwa na mimi. Na uchungu wa watu naujua: Septemba 2022 Dar es Salaam ilipotikiswa na vijana wenye mapanga walioitwa Panya Road, hata huku tulilala kwa hofu. Lakini niambieni, kesi ikifika mahakamani, nani kati yetu anakwenda kutoa ushahidi? Siku ya kupiga tupo mia mbili. Siku ya ushahidi hayupo hata mmoja, kesi inakufa, tunamlaumu hakimu. Surat al-Baqara, aya ya 283, imesema mwenye kuficha ushahidi moyo wake umeingia dhambini.

Na adhabu katika Uislamu ni ya mwenye mamlaka, baada ya ushahidi. Si ya umati wenye petroli. Ukimuua mtu barabarani, jina lako ni muuaji kwa Allah, na ni muuaji kwa kifungu cha 196 cha sheria hiyo hiyo. Ikidhihiri kesho kwamba siye, utamrudishia nini mama yake?

Basi tufanye haya:

1. Usinunue kitu ambacho muuzaji hawezi kukuonesha kilikotoka. Simu, bonyeza *#06# kwanza, linganisha namba na za kwenye boksi na risiti.
2. Ukiibiwa simu, toa taarifa polisi, kisha uende kwa mtandao wako waifunge.
3. Mwizi akikamatwa, mfungeni, mlindeni, mwiteni mwenyekiti na polisi, 112. Swali la kwanza aulizwe: "Umemuuzia nani?"
4. Changia ulinzi shirikishi, na zamu yako ikifika toka.
5. Aliye na mali ya wizi ndani, airudishe. Akiona aibu, aniletee mimi usiku. Sitauliza jina.

Mtume (s.a.w.) alimtaja mtu aliyeinua mikono kuomba, hali chakula chake haramu na vazi lake haramu, ataitikiwa vipi? Tusiombe Allah atulinde na wezi huku sebuleni tumewasha televisheni ya jirani.

Allah azilinde nyumba zetu, awaongoe vijana wetu, na atusamehe tuliowalipa mshahara. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Wabillahi tawfiq.