Bomba la mafuta likioza, libadilishwe lote

SAFU YA GEREJI
Na Baba Zuhura

Gari kuukuu likianza kunuka petroli, dawa inayojulikana zaidi gerejini ni kipande cha mpira na klipu mbili. Fundi hulikata bomba la chuma pale lilipotoboka, akavalisha mpira, akakaza klipu, na gari likaondoka kabla ya adhuhuri. Safu hii inasema wazi: kwa bomba lililoliwa na kutu, hayo si matengenezo. Libadilishwe lote, kutoka tangini hadi injini, na mwenye gari akubali kuilipia kazi hiyo.

Sababu iko chini ya gari lenyewe. Pikapu inayochukua samaki soko la Feri, Dar es Salaam, hubeba na barafu, nayo ikiyeyuka maji yake ya chumvi huchuruzika kwenye matundu ya bodi hadi kwenye chasi. Hapo ndipo yalipopita mabomba: la kupeleka mafuta, la kuyarudisha, na jirani yao la breki. Yameshikwa na vibanio, na ndani ya vibanio hivyo mchanga na tope hushinda na unyevu wiki nzima. Kwa nje rangi nyeusi huonekana salama, imevimba kidogo tu. Kibanio kikifunguliwa, magamba ya kahawia hudondoka, na chuma kilichobaki hubonyea kwa ncha ya bisibisi. Mahali pengine pa kumulika tochi ni juu ya ekseli ya nyuma, bomba linapopinda kulifuata tangi. Tairi hurusha tope lote huko, na maji ya kuoshea gari hayafiki.

Kukaa mbali na bahari si kinga. Magari mengi ya Afrika Mashariki yametumika kwanza Japani, na katika mikoa ya theluji kama Hokkaido barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Gari lililotoka huko laweza kung'aa juu huku chini limeanza kuliwa kabla halijapakiwa melini. Marekani nako wanalijua tatizo hili. Mwaka 2015 mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilifunga uchunguzi wa mabomba ya breki yaliyooza kwenye pikapu na magari mengine makubwa ya General Motors yapatayo milioni 5, ya miaka ya 1999 hadi 2003. Haikuamuru yarudishwe kwa mtengenezaji. Iliwahimiza wenye magari waoshe chini, wakague mabomba, na wakikuta chuma kinabanduka magamba wabadilishe seti nzima.

Ushauri huo una mantiki yake. Kutu haikomi pale msumeno ulipopita. Likitoboka mahali pamoja leo, sehemu nyingine imebaki na unene wa karatasi. Isitoshe, ncha ya bomba la kiwandani inapoingia kwenye mpira huwa na mwinuko mdogo unaouzuia kuchomoka. Bomba lililokatwa gerejini halina mwinuko huo, kwa hiyo klipu hubaki peke yake, imebana juu ya chuma chenye kutu.

Halafu kuna shinikizo. Pampu ya gari la kabureta, kama zile Peugeot 504 za zamani, husukuma kwa kiasi cha bar 0.3 hivi. Mfumo wa EFI, yaani wa kunyunyiza mafuta kwa kudhibitiwa na umeme, kwa kawaida hufika bar 3, kuzidi upepo wa tairi la gari dogo. Mipira nayo imegawanywa kwa kazi hizo: ulioandikwa SAE 30R7 ni wa shinikizo dogo, na 30R9 ni wa EFI. Mpira wa maji au wa upepo usiwekwe kabisa, maana petroli huulainisha mpaka ukapasuka. Mpira sahihi una nafasi yake, nayo ni pale bomba linapotoka kwenye chasi kwenda kwenye injini inayotikisika.

Petroli ikivuja, hatari ni moto: mvuke wake unaweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tena ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujikusanya shimoni mwa gereji.

Kwenye dizeli hasara huja kwa mlango mwingine. Injini ya 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za huku, ina injekta pampu inayovuta mafuta yenyewe kutoka tangini. Tundu dogo kwenye bomba la kuvutia huenda lisidondoshe hata tone, linanyonya hewa. Asubuhi gari linasumbua kuwaka, mlimani linakosa nguvu. Mwenye gari anaambiwa afungue pampu, apime nozeli, analipa fedha nyingi, na bomba bovu linabaki palepale. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga kikiungwa kwa muda karibu na pampu kitaonyesha viputo vya hewa. Mteja adai jaribio hilo kabla pampu haijaguswa.

Kazi yenyewe ina utaratibu. Gari litolewe shimoni, liwekwe kwenye stendi mahali pa wazi. Kwa EFI, fyuzi ya pampu huchomolewa na injini huachwa iungurume mpaka izime, ndipo waya hasi wa betri ufunguliwe. Bomba la zamani litoke likiwa zima kadiri inavyowezekana, kwa kuwa mikunjo ya jipya hupimwa kwake. Nati zilizoganda zinataka spana inayozishika pande tano kati ya sita; spana ya kawaida huzila kona. Bomba jipya likunjwe kwa kifaa cha kukunjia, kisha lipulizwe kwa hewa ili chembe za chuma zisifike kwenye nozeli.

Katika kuchagua bomba, wengi hukimbilia shaba tupu ya mafundi friji kwa sababu iko kila duka. Mtikisiko huifanya shaba hiyo iwe ngumu hadi ikapata ufa. Kinachofaa zaidi ni aloi ya shaba asilimia 90 na nikeli asilimia 10. Hukunjika bila taabu, na hustahimili chumvi kiasi kwamba meli huitumia kupitishia maji ya bahari. Volvo imeitumia kwa mabomba ya breki tangu mwaka 1976.

Mafundi wengi wanayajua haya. Fundi anayetaja bei ya bomba zima hukimbiwa na mteja, naye wa pili anayekubali kuweka kiraka ndiye anayepata kazi. Ndiyo maana ukaguzi unapaswa kuingilia. Kenya ina mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, inayokagua magari ya abiria, na Tanzania ina stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Mkaguzi aingie chini na tochi, afungue walau kibanio kimoja karibu na tangi, na gari la petroli lenye kiraka cha mpira katikati ya bomba la chuma linyimwe kibali hadi bomba hilo libadilishwe. Kazi hiyo ianze na daladala, matatu na magari ya wanafunzi, kwa sababu abiria wake hawana nafasi ya kuchungulia chini kabla ya kupanda.