Mtoto akitaka kusomea grafiki, omba kwanza kuona kazi zake

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mjadala uleule huanza katika nyumba nyingi. Mzazi ana orodha yake: sheria, uhasibu, uuguzi, ualimu. Mtoto naye ana yake, na siku hizi si ajabu kumsikia akitaja ubunifu wa grafiki. Hapo ndipo sauti hupanda: “Yaani nikulipie ada miaka mitatu ili ukachore kadi za harusi?”

Mzazi mwenzangu, hofu hiyo ina msingi. Ada inatoka dukani, shambani au kwenye mshahara usiotosha, na nyuma ya huyu mtoto wapo wadogo zake wanaosubiri zamu yao. Tena mtaani kwako yupo kijana wa steshenari anayetengeneza mabango bila kukanyaga chuo. Zipo pia programu kama Canva, iliyoanza mwaka 2013, ambazo humpa mtu yeyote kadi iliyo tayari kwenye simu yake. Na sasa akili bandia inatoa picha kwa sekunde chache. Chuo cha nini?

Tuanze na kile ambacho programu peke yake haifundishi. Mjasiriamali ametengenezewa nembo ya unga wake na kwenye simu inapendeza. Akiipeleka kuchapwa kwenye bango la barabarani, inatoka imejaa ukungu. Sababu ni kwamba ilihifadhiwa kama picha ya kawaida, ambayo ni vinukta vingi vilivyopangwa pamoja. Ukiikuza, vinukta navyo vinakua. Mbunifu aliyefundishwa angeichora kwa mistari inayokokotolewa upya kila inapokuzwa, ikabaki safi kwenye kifuko cha nusu kilo na hata ubavuni mwa lori.

Au chukua rangi. Skrini huunda rangi zake kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya uchapaji hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong’aa kwenye simu kinaweza kutoka kimefifia kwenye karatasi. Asiyelijua hilo huligundua baada ya maboksi elfu moja kuchapwa, na hasara ni ya mteja.

Juu ya hayo kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni kufikiri kwa ajili ya msomaji. Mama mwenye haraka sokoni ataona nini kwanza kwenye pakiti? Mgonjwa mzee ataweza kusoma maelezo ya dawa kwa herufi ndogo kiasi hiki? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wala si ngeni kwetu. Fungua kabati utazame kanga: pindo limezunguka, mji umekaa katikati, jina limewekwa mahali pake likasomeka. Kuna mtu aliyeamua ukubwa wa kila kimoja na rangi zitakazokaa pamoja.

Kuna kisa kimoja ambacho wanafunzi wa fani hii hukisikia mapema. Mwaka 1971, Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa ubunifu wa grafiki katika Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani. Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu chuoni hapo, alimwomba amchoree alama ya viatu. Alilipwa dola 35. Alama hiyo ndiyo ile ya Nike. Mwaka 1983 kampuni ilimwita, ikampa pete na hisa kama shukrani.

Mzazi asikitumie kisa hiki kuota utajiri. Dola 35 ndizo zinazofanana zaidi na malipo ya kwanza ya wabunifu wengi, na hisa hazimwangukii kila mtu. Funzo lake ni lingine: Carolyn alipata kazi ile akiwa bado anasoma. Katika fani hii, mwajiri akishaona cheti huuliza, “Kazi zako ziko wapi?”

Basi na wewe uliza hivyohivyo, kabla ya kusema ndiyo au hapana. Mwambie mwanao akuletee kazi kumi alizofanya. Usiangalie tu kama ni nzuri. Muulize ilikuwa ya nani, alitaka nini, na alipoikataa ulirekebisha nini. Kama hana kazi, mpe mwezi mmoja: atengeneze lebo ya asali ya shangazi yake, ratiba ya kwaya, tangazo la duka lenu. Anayependa fani atarudi na matoleo manne ya lebo moja. Aliyevutiwa na jina la kozi atarudi na visingizio, na mtakuwa mmeokoa ada.

Akionyesha nia, hamia kwenye chuo. Elimu ya sanaa na ubunifu ipo karibu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, na Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa tangu miaka ya 1930. Kokote atakakochagua, hakikisha kwanza kwamba chuo na kozi vinatambuliwa. Kwa Tanzania, angalia mwongozo wa udahili wa TCU. Kisha uliza: kompyuta ni ngapi kwa wanafunzi wangapi? Wanafundishwa uchapaji au skrini tu? Mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi? Wahitimu wa mwaka jana wanaweza kuonyesha kazi zao?

Weka kwenye hesabu kompyuta mpakato yenye uwezo wa kutosha, intaneti na gharama za kuchapa kazi za darasani. Hizi ndizo huwashtua wazazi muhula wa kwanza. Kama mnategemea mkopo, someni mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika kabla ya kujaza fomu, maana si kila kozi hupewa kipaumbele sawa.

Na kama uwezo wa shahada haupo mwaka huu, mwambie hivyo waziwazi. Anaweza kuanza na cheti au stashahada, au akafanya kazi chini ya mbunifu mzoefu huku akikusanya kazi zake. “Sina hela” ni neno ambalo mtoto hulielewa na kulisamehe. “Hiyo si kazi” hulibeba miaka mingi, hasa akisomeshwa asichokitaka.

Kwa hiyo leo, kabla ya kubishana tena, mwambie alete kazi zake mezani. Zitazame moja moja, na muache aeleze.